Picha za Kusomwa Kwenda Chini

Mtoto alikuwa amekishika kitabu juu chini, na alikuwa akisoma vizuri kuliko wenzake wote.

Nilisimama nyuma yake nikamsikiliza. Sauti yake ilikuwa nyororo, haikwami, akipumzika penye nukta na kuipandisha penye kiulizo. Akafika mwisho wa ukurasa, akafunua mwingine, akaendelea. Ng'ombe aliyechorwa pale alikuwa na miguu inayotazama juu, naye hakuona ajabu. Nikamgusa bega nikamwambia, "Nionyeshe neno ng'ombe liko wapi." Akanitazama mimi, akatazama kitabu, kisha akaweka kidole katikati ya ukurasa, popote tu, kama mtu anayegusa maji kujua kama yamepoa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi nyumbani Bagamoyo kutoka kwenye mafunzo ya ualimu, nikapewa darasa la kwanza kwa sababu walimu wanaume hawakulitaka. Mimi nililitaka. Nilikuwa na yakini kwamba mtoto akishindwa kusoma darasa la kwanza, madarasa yote ya mbele yatakuwa kumburuta tu.

Yule binti alikuwa mtoto wa mama mmoja muuza vitumbua. Sikumgombeza, kwa maana hakuwa amefanya hila. Watoto wetu wote walipitia chuoni kabla ya kuja shule. Huko, wakiwa wamekaa jamvini mbele ya mwalimu wao, walihifadhi sura za Kurani kwa moyo, na ndivyo inavyotakiwa. Basi walipopewa kitabu cha shule, nacho wakakihifadhi. Nilikuwa nimekisoma kwa sauti mara chache, na darasa zima likawa nacho kichwani, mpaka kikohozi changu penye ukurasa wa mbuzi. Nilichohitaji ni maandishi ambayo hawajayasikia, tena yenye kuwapa hamu ya kujua yanasema nini.

Kaka yangu alikuwa karani bandarini Dar es Salaam. Nilimpelekea habari kwamba natafuta magazeti yenye hadithi za picha, ya aina yoyote, yawe mapya au yaliyochakaa. Akaniletea furushi kwa lori lililokuja kuchukua mbata. Ndani yake kulikuwa na magazeti ya Kiswahili yenye mstari wa picha kwenye ukurasa wa mwisho, na mengine ya watoto wa Kizungu yaliyoachwa na abiria wa meli, ambayo yalikuwa picha tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi watu huziita katuni. Sisi tulisema magazeti ya picha.

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, nilitandika mkeka uani nikayamwaga yote. Mama yangu akaja akaketi karibu na ungo wake wa mchele. Mama hakuwahi kwenda shule, ila alijua kusoma. Alisoma Kurani, na alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakifanya wanawake wengi wa nyumba za zamani za mji wetu. Herufi za Kizungu hakuzijua, wala hakuzitamani.

"Unayafanyia nini haya?" akaniuliza.

"Nachagua ya kuwasomesha watoto, mama."

"Basi nipe na mimi nichague. Mimi nimelea, wewe bado."

Tukaanza. Mama aliyaondoa yote yenye bunduki bila kuuliza hadithi inahusu nini. "Wataichukua michi ya mama zao na kupigana risasi," akasema. Akaondoa moja lenye mtoto anayempiga baba yake kwa kikaango, ingawa baba mwenyewe alikuwa akicheka. Mimi niliondoa yale yenye maneno mengi, ambamo kichwa cha mtu kilionekana kidogo chini ya kundi la maandishi. Ya Kiingereza niliyaweka kando kwa sababu watoto walikuwa bado hawajakisoma Kiswahili chenyewe, lakini picha zake nzuri nilizitunza. Lundo la kukataa likawa kubwa kuliko la kukubali, nami nikaridhika, kwani ya kukubali yalitosha.

Kisha mama akachukua picha moja akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Huyu mzee mjanja sana," akasema. "Tazama. Ametoka majini, nguo zimelowa chapachapa. Akaona kuku wa watu, akamkimbiza, akamkamata, akaenda kumuuza sokoni. Na pesa kachukua."

Nikaichukua ile picha. Ilikuwa na vijumba vinne kwenye mstari mmoja. Katika cha kwanza, kushoto, mzee mwenye tarabushi ananunua kuku sokoni. Katika cha pili, kuku anamponyoka. Katika cha tatu anamfukuza. Katika cha mwisho, mzee ametumbukia dimbwini. Hadithi ilikuwa ya mtu mwenye bahati mbaya, na mama alikuwa ameisoma kuwa ya mwizi. Alikuwa ameanzia kulia, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake.

"Mama, inaanza huku," nikamwambia, nikiweka kidole kushoto.

Akaitazama tena kwa upande wangu. "Hiyo yako haina maana," akasema. "Mtu anunue kuku halafu aende akaanguke majini? Yangu ndiyo hadithi."

Nami nikacheka, lakini akili yangu ilikuwa imekwenda darasani. Asubuhi yake niliwaonyesha watoto picha ileile bila kuwaambia chochote, nikawaita mmojammoja wanisimulie. Karibu wote walinisimulia hadithi ya mama. Mzee aliibuka majini, akaiba kuku, akamuuza. Wachache walianzia katikati, penye kuku, kwa sababu kuku ndiye aliyewapendeza. Na yale maneno yaliyochorwa yakitoka vinywani mwa watu, ndani ya mviringo, walidhani ni moshi. Mmoja akaniambia yule mzee anavuta sigara nyingi mno.

Hapo nikaona kwamba kuchagua hadithi inayowafaa kwa umri wao hakutoshi. Ilibidi nichague pia inavyokaa kwenye karatasi. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba chuoni aanzie kulia, shuleni aanzie kushoto, na kwenye picha pia aanzie kushoto lakini mstari ukiisha ateremke, halafu utegemee afurahie kuku. Angefika huko, lakini si katika wiki yake ya kwanza.

Nilichukua mkasi. Nikakata vijumba vya picha kimoja kimoja, nikapika uji mzito wa unga wa ngano, na kwenye vipande vya maboksi ya sabuni nikavibandika kimoja chini ya kingine. Juu kabisa mzee ananunua kuku, chini kabisa yumo dimbwini. Kushuka chini kila mtoto alikujua, awe anasoma herufi za Kiarabu au za Kizungu. Nilipoona maneno ni marefu, niliyafunika kwa kipande cha karatasi nyeupe nikaandika yangu mafupi. "Kuku wangu!" "Rudi!" "Nimelowa." Niliyaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa katika magazeti yale, na nikawafundisha herufi kubwa sambamba na zile ndogo za kitabuni.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, asiyevua koti hata wakati wa kaskazi. Alinikuta darasani na watoto wakiwa wamejipanga sakafuni, kila wawili na boksi lao la sabuni.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hapa ni shule au ni mchezo?"

"Ni shule, Mwalimu. Nipe muda mpaka mwisho wa muhula."

"Na kitabu?"

"Kitabu wanakijua chote. Hata nikikifunga watakusomea."

Akafikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kubisha kwa ajili ya kubisha. Akapita kati ya watoto akitazama yale mabango ya maboksi, kisha akainama penye lundo langu la magazeti yaliyobaki na kuvuta moja. Lilikuwa la hadithi ya mtoto aliyekatazwa na mama yake asicheze mtoni, akaenda, mamba akamkamata.

"Mbona hili huwapi?" akauliza. "Lina mafunzo."

"Lina mafunzo kwa mtoto wa darasa la nne. Kwa hawa litakuwa mamba tu."

"Umekuwa mwoga kwa niaba yao," akasema, akaondoka nalo.

Juma lililofuata nilikwenda Mapinga kwenye mazishi ya shangazi yangu, na mwalimu mkuu akalishika darasa langu mwenyewe. Aliwasomea hadithi ya mamba kwa sauti yake nzito, akiwaonyesha kila picha. Niliporudi nilikuta wazee wawili wamekaa nje ya ofisi yake. Ulikuwa wakati ambao watu wa mji walihamia mashambani kwao, bonde la Ruvu, kulinda mpunga na ndege, na watoto wa wazee hao walikuwa wamekataa katakata kupanda mtumbwi kuvuka mto. Mmoja alikuwa amejifungia chooni siku ya safari. Mzee wake alisema bila hasira, "Mwalimu, mamba tunao kweli. Lakini mto tunauvuka kila mwaka."

Mwalimu mkuu aliwaomba radhi wote wawili. Kisha akaja darasani kwangu, akaliweka lile gazeti mezani akiwa amelikunja, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye unayechagua." Tangu siku hiyo, mtu yeyote aliyeleta kitu cha kusomwa na watoto wadogo, hata kama ni yeye mwenyewe, alikileta kwangu kwanza.

Nikachagua kwa namna yangu. Nilipenda hadithi ambazo tatizo lake mtoto analijua nyumbani kwake, kama uji kumwagika, mbuzi kula nguo kambani, mtoto kuvaa viatu vya baba. Nilikataa vitisho vya mambo yaliyokuwapo kweli jirani nasi. Jini mwenye pembe hakuwasumbua hata kidogo, walimcheka, kwa sababu alichorwa kama mbuzi aliyesimama. Mamba, mawimbi na mtu aliyezama niliwaachia wakubwa. Na kila hadithi niliikata kabla ya kijumba cha mwisho. Cha mwisho nilikiweka mkobani mwangu, na asiyesoma maneno ya vijumba vya juu hakukiona.

Yule binti wa kitabu cha juu chini alipata taabu kuliko wote. Alikuwa amezoea kwenda kama maji ya mfereji, sasa akawa kama mtu anayetembea juu ya mawe. Alishika "ku" akaiacha, akashika "ku" ya pili, akaniangalia kama nimemnyang'anya kitu. Siku ya kwanza alipounganisha "ku-ku wa-ngu" peke yake hakufurahi hata kidogo. Alichoka. Alilaza kichwa juu ya boksi lake akasinzia.

Haikuchukua muda mama yake akaja. Alikuja wakati wa mapumziko, amejifunga kanga moja na nyingine kaitupia mabegani, harufu ya vitumbua na iliki ikimfuata. Tulisalimiana vizuri, kwani kwetu hata mtu mwenye hasira husalimia kwanza. Nikamkaribisha kiti. Akakikataa.

"Mwalimu, umemharibu mwanangu," akasema. "Alikuwa anasoma, majirani wote wanakuja kumsikiliza. Babake alikuwa anamwita mbele ya wageni. Sasa nikimwambia asome ananiambia ku, ku, ku, kama amepata kigugumizi. Umempa nini?"

"Nimempa kusoma, dada yangu."

"Alikuwa anasoma."

"Alikuwa anakumbuka. Ana kumbukumbu ambayo mimi sina. Lakini mpe chochote ambacho hajawahi kukisikia."

"Mimi nitampa nini? Nyumbani kwangu hamna kitabu."

Nilimwita yule binti, aliyekuwa ameganda mlangoni akisikiliza. Nilikuwa nikitafuta bango moja mezani ambalo hajaliona, lakini yeye alikuwa tayari amekodolea macho mgongo wa mama yake. Kanga ile ilikuwa nyekundu yenye korosho nyeusi, mpya mpya, na chini yake kulikuwa na maandishi kwa herufi kubwa, kama yale ya magazeti yangu.

"U," akasema. "U-me."

Mama yake akageuka. "Unasema nini?"

"Simama hivyohivyo, dada," nikamwambia. "Anakusoma."

Akasimama. Mtoto akasogea, akaweka kidole kwenye kanga, kikaanza kusafiri kiunoni mwa mama yake pole pole. "U-me-ni. U-me-ni-cho. Cho-sha." Akarudi nyuma akaanza tena. "Umenichosha." Akavuta pumzi. "U-si-je. Usije. Kwa-ngu. Kwangu." Kisha, kwa sauti yake ya zamani isiyokwama, akaiunganisha yote. "Umenichosha, usije kwangu."

Yule mama alinitazama mimi, si mtoto. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, dada."

"Kweli, Mwalimu? Mwenye duka aliniambia imeandikwa maneno ya kutakia Idi njema."

Hapo akakaa kwenye kile kiti alichokikataa. Akashika kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na kwa kitambo sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Akanieleza kwamba siku ya Idi alinunua doti mbili za kanga ile, moja ya kwake, na moja akampelekea wifi yake, dada wa mumewe, kama zawadi, akaikabidhi kwa mikono miwili mbele ya ukoo mzima. Wifi yake huyo alikuwa amesoma kidogo kwa masista. Tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga kwake, hata mtoto alipougua homa hakuja kumtazama, na hakuna aliyejua amekosewa nini.

"Kumbe mimi ndiye niliyemfukuza," akasema, akijifuta machozi kwa pindo la kanga ileile. "Na nimemfukuza kwa heshima zote."

Akamvuta mwanawe karibu. Akamuuliza neno lile moja liko wapi, lile la kuchosha. Mtoto akaliwekea kidole pale pale lilipo, bila kuhangaika. Mama akaligusa na yeye. Halafu akainuka, akaigeuza kanga maandishi yakawa ndani, akaniaga na kwenda moja kwa moja kwa wifi yake, na mtoto akamchukua kuwa shahidi. Sikumkataza, ingawa masomo yalikuwa bado hayajaisha.

Waliyozungumza huko siyajui yote. Ninachojua ni kwamba siku ya pili nililetewa darasani bakuli la vitumbua lililofunikwa kawa, na aliyelileta alikuwa yule wifi. Alijitambulisha, akaomba kuona magazeti ya picha. Nilimwonyesha. Alisoma moja akiwa amesimama, akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia kukata na kubandika, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi na alasiri hana kazi. Tukawa wawili. Mikono yake kweli ilikuwa mizuri kuliko yangu, na vijumba vyake vilikaa sawa bila kupinda.

Habari ya kanga ilienea mji mzima kabla ya Ijumaa. Wanawake walianza kuwashika watoto wangu njiani, hawa wakitaka kusomewa kanga kabla ya kununua, hawa wakitaka kujua wamekuwa wakitembea na maneno gani. Mwenye duka, nilisikia, akaanza kuwa mwangalifu. Watoto walipenda kuitwa. Waliosoma vibaya waliona haya, wakarudi darasani kuomba boksi lingine. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu alikuja kuwapima, akaandika ubaoni sentensi ambazo hazikuwa kitabuni. Wengi walizisoma. Hawakusoma haraka, na yeye hakuwaharakisha.

Muhula wa pili nilianza kuwapa picha zilizopangwa kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kama zilivyochapwa. Niliwaambia wazi kwamba herufi hizi zina mwendo wake na zile za chuoni zina mwendo wake, na mwenye akili hujua zote mbili. Walibadilisha bila shida. Mama yangu peke yake ndiye aliyeshikilia ya kwake. Mpaka alipofariki aliniletea magazeti ya picha na kunisimulia hadithi zake kuanzia kulia, na mara nyingi zilikuwa nzuri kuliko zilizochorwa.

Nimechagua vitabu vya watoto maisha yangu yote tangu hapo, vya wanafunzi, vya wanangu, na sasa vya wajukuu. Watu huniuliza nitajuaje kama hadithi imemfaa mtoto, nami huwaambia yale niliyoyaona kwa yule binti mwishoni mwa mwaka ule. Nilikuwa nimempa gazeti jipya, halijakatwa wala kufunikwa maneno, la mbuzi aliyeingia kwenye harusi. Alikwenda kukaa kizingitini, mgongo kwangu. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Sikumfuata. Nilikuwa nasahihisha hesabu za wenzake, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu cha kusikia ila karatasi ikifunuliwa. Kisha akacheka peke yake, bila mtu kumwambia kinachochekesha, akafunua ukurasa mwingine.